Ukurasa wa Baba

Kwetu Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, mtoto mchanga hachekeshwi ovyo. Kutabasamu atatabasamu apendavyo, hata usingizini, na hakuna atakayeshtuka. Lakini siku atakapocheka kwa sauti kwa mara ya kwanza, yule aliyemchekesha ndiye atakayeandaa karamu. Atachinja kondoo, atapika, ataita jamaa na majirani, kisha atakishika kiganja cha mtoto na kumsaidia kumpa kila mgeni chumvi ya mawe pamoja na chakula. Hilo ndilo tendo la kwanza la mtoto mbele za watu: kutoa. Na inasemwa kwamba mtoto huchukua tabia ya aliyemchekesha.

Ndiyo maana Verlinda Attakai alikuwa akimlinda bintiye Dezba kama mwali aliyewekwa ndani.

"Leland! Toa hiyo sura yako hapa."

"Sura hii nilipewa na mama. Mlalamikie yeye."

Leland alikuwa kaka yake Verlinda, mjomba wa mtoto, na hakuwa na kazi ya maana tangu theluji ilipoyeyuka. Kila alipopita karibu na mtoto alishika masikio yake mawili akayatikisa, au akatoa ulimi hadi ukagusa pua. Dezba, aliyefungwa vizuri kwenye ubao wake wa kulelea, alimtazama kwa macho meusi ya duara, na pembe za midomo yake zilianza kucheza.

"Akicheka, wewe ndiye utakayelisha kijiji chote cha Lukachukai," Verlinda alimwonya. "Una kondoo?"

"Nina dada mwenye kondoo."

"Huna dada tena. Toka."

Wengine walidhani anaogopa gharama ya karamu. Sivyo. Verlinda alitaka kicheko kile kiwe cha Delray, mume wake, naye Delray hakuwepo. Alikuwa Nebraska, kwenye kambi ya mafundi wa reli, akibadilisha mataruma na kukaza misumari, na aliondoka Dezba akiwa bado ana mikunjo ya tumboni. Sasa mtoto alikuwa amenenepa mashavu, anaguna, anatabasamu, na kicheko kimekaa kooni kikingoja mlango. Delray angerudi kwa mapumziko mwisho wa mwezi. Kingengoja?

Kwa nini Delray? Kwa sababu Verlinda alijijua. Yeye alikuwa mkono wa birika. Hakuiba cha mtu wala hakumdhulumu mtu, lakini kutoa kulimuuma kama kung'olewa jino. Alikulia kwenye nyumba ya watoto wengi, ambamo anayechelewa mezani hulala na harufu ya chakula, basi akajifunza kuficha. Peremende alizizika kwenye debe la unga. Betri mpya zilikaa chini ya godoro. Chini ya kitanda kulikuwa na makopo ya pichi ambayo hata Delray hakuyajua. Delray yeye alikuwa kinyume chake. Msimu uliopita wa baridi alimvulia glavu mtu aliyekutana naye barabarani gari lake likiwa limeharibika, akarudi nyumbani mikono kaiweka kwapani, anacheka. Verlinda alimtazama siku ile akasema moyoni: mwanangu akiwa kama huyu, atakuwa na watu maisha yake yote. Akiwa kama mimi, atakuwa na makopo.

Sasa, mtoto atamcheka vipi mtu asiyemjua? Mtoto wa umri ule akiletewa uso mgeni hulia. Kupigiana simu za kuonana hakukuwezekana. Nyumbani kwao mtandao haukufika. Ulipatikana kwa kusuasua huko juu kilimani, kando ya tangi la maji, na kule kambini kwa Delray hali ilikuwa hiyo hiyo. Picha ikikwama, Delray hubaki na mdomo wazi kama samaki, na Dezba huanza kulia.

Ndipo aliposikia kuhusu darasa la jioni kwenye jumba la jamii.

Mwalimu aliitwa Corrine, mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa sufu. Darasa lilikuwa la kutengeneza vitabu vidogo vya kusomwa kwenye simu, vya picha na maneno. Bibi mmoja pale alikuwa anatengeneza kitabu cha nakshi za mablanketi yake, na mzee mmoja alikuja kwa sababu jumba lilikuwa na joto na kahawa.

"Kabla hujagusa kompyuta," Mwalimu Corrine alimwambia Verlinda jioni ya kwanza, "niambie kitabu chako ni cha nani."

"Cha binti yangu."

"Yuko darasa la ngapi?"

"Hana hata meno."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini akavuta kiti akakaa karibu. "Basi picha kubwa, maneno machache. Yeye mtazamaji, wewe msomaji. Unataka ajue nini akimaliza?"

"Amjue baba yake," Verlinda akasema, akajifanya anatafuta kalamu.

Alijifunza upesi kuliko alivyotegemea, yeye ambaye shule aliiacha kabla haijamwacha. Alijifunza kukata picha ili uso ubaki na nguzo ya umeme iondoke. Alijifunza kwamba picha iliyopigwa jua likiwa nyuma ya mtu humgeuza mtu kivuli. Alijifunza kuchagua herufi nene zisizo na mikia. Jambo lililomshinda lilikuwa moja: hakuweza kuacha nafasi tupu. Kila penye uwazi alitia kitu. Ukurasa wa kwanza aliuwekea picha saba, akaandika maneno mpaka pembeni, akaongeza na maua.

Mwalimu Corrine aliegemea akautazama kwa muda. "Hapa mtoto aangalie wapi?"

"Popote. Vyote ni vizuri."

"Futa."

"Nafasi yote hii ibaki nyeupe? Si inapotea bure, Mwalimu?"

"Haipotei. Hapo ndipo jicho linapopumzika. Ukijaza kila kitu, humwachii mtoto mahali pa kukaa."

Verlinda alifuta picha moja baada ya nyingine, kila moja kwa kuugua, hadi ukabaki uso mmoja katikati ya weupe. Uso ule ulimtazama kama mtu aliyesimama mlangoni.

Jambo la pili alilofundishwa lilimshangaza zaidi. Kitabu kikikamilika huwa faili, na faili ukishaipakua kwenye simu hufunguka hata pasipo mtandao. Na unaweza kumtumia mtu, na mwingine, na mwingine.

"Na mimi nabaki na nini?" Verlinda akauliza.

"Unabaki nacho kilekile."

"Kizima?"

"Kizima."

Verlinda alilirudia jambo hilo kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani. Kitu unachokigawa na bado unacho. Hajawahi kukutana na kitu cha namna hiyo.

Jambo la tatu Mwalimu Corrine alilisema akiwa anafunga madirisha, watu wakivaa makoti. "Mkisahau yote, msisahau hili. Picha na maneno yake ni kama mbuzi na kitoto chake. Msipowafunga pamoja, mkiongeza mmoja zizini, wengine wote watahama. Mtamkuta kila mtu kwenye ukurasa wa mwenzake. Fungeni. Na mkishaongeza kitu, fungueni kitabu mkitazame tangu mwanzo hadi mwisho." Wote wakaitikia. Verlinda pia aliitikia, huku mkono mmoja ukitafuta ufunguo wa gari.

Picha za Delray zilikuja kwa vipande, kila alipopata mtandao. Maneno aliomba ayatunge mwenyewe, akayatuma kwa ujumbe. Yalimfanya Verlinda asimame kando ya tangi la maji na upepo ukimpiga, anasoma anarudia.

Ukurasa wa kwanza: *Huyu ni mama yako. Ukilia, ndiye wa kwanza kufika.*

Wa pili: *Huyu ni bibi yako. Ukitaka kitu, anza kwake.*

Wa tatu: *Huyu ni mjomba wako Leland. Usimcheke. Tafadhali, usimcheke.*

Na wa nne, wenye picha ya Delray amevua kofia ya kazi, nywele zimelala kwa jasho, anatabasamu kwa upande mmoja: *Huyu ndiye baba yako. Ndevu zake ni chache lakini zinachoma. Akikubusu, vumilia.*

Kila alasiri Verlinda alimketisha Dezba mapajani akamfungulia kitabu. Mwanzoni mtoto alitaka kuila simu. Baadaye akaanza kutulia. Akifika ukurasa wa nne aliunyoosha mkono akaupiga uso wa Delray kofi dogo lenye mate, akaguna. Verlinda alijifuta macho kwa kitambaa cha mtoto. Inafanya kazi, alijiambia. Anamjua.

Mambo yangebaki hivyo kama si mama yake, Bibi Elouise, ambaye jioni moja alikitazama kitabu chote kwa makini, akarudisha simu na kuuliza, "Mifugo iko wapi?"

"Mama, ni kitabu cha familia."

"Ndiyo nauliza. Kitabu cha familia gani hakina hata mbuzi mmoja? Mtoto atadhani tunaishi mjini."

"Nitaweka mwana-kondoo, basi."

"Weka Meya."

Meya alikuwa beberu wao mkubwa, mweupe aliyechakaa, mwenye ndevu ndefu na harufu iliyofika kabla yake. Alipewa jina hilo kwa sababu alipenda kusimama juu ya kitu na kutazama watu bila kufanya lolote.

"Meya ananuka, Mama."

"Kwenye simu hanuki."

Basi Verlinda akampiga Meya picha, ulimi nje, jicho moja limefumba. Darasa lilikuwa limekwisha. Alifanya kazi hiyo kwa simu yake, ameegesha pikapu nje ya jumba la jamii ili apate mtandao, Dezba analia kwenye ubao, na maziwa yanamchuruzika kifuani. Alibonyeza palipoandikwa ongeza picha. Akabonyeza palipoandikwa ongeza maneno, akaandika: *Huyu ni Meya. Ananuka, lakini ni wetu. Akipotea, njaa itamrudisha.* Akahifadhi, akapakua, akawasha gari. Hakuvifunga pamoja, wala hakufungua kutazama.

Kesho yake ikawa siku ya Delray kurudi. Aliacha ujumbe kwamba amepata lifti, jioni atakuwa nyumbani. Tangu asubuhi Verlinda alikuwa kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Alimfukuza Leland mara mbili. Bibi Elouise alisimama kwenye jiko akipiga unga wa mkate wa kukaanga, na nyama ya kondoo ilitokota na viazi.

Mchana ukapoa. Dezba aliamka, akanyonya, akawa na furaha. Verlinda akaketi kwenye kochi, akafungua kitabu kwa mara ya mwisho kabla ya mwenyewe kufika.

"Huyu ni mama yako," akasoma. Dezba akaguna.

"Huyu ni bibi yako."

"Mwambie bibi yake yuko hapa ana njaa," Elouise akasema kutoka jikoni.

"Huyu ni mjomba wako Leland. Usimcheke."

"Nimesikia," akasema Leland kutoka mlangoni, ambako alikuwa amerudi kimyakimya akifuata harufu ya nyama.

Verlinda hakumjali. Alifungua ukurasa wa nne. Aliufahamu kwa moyo, hakuhitaji hata kutazama. Alikuwa anamtazama mtoto. "Huyu ndiye baba yako," akasoma kwa sauti ya upole kabisa. "Ndevu zake ni chache lakini zinachoma. Akikubusu..."

Akainamisha macho.

Meya alikuwa anamtazama. Ulimi nje, jicho limefumba, ndevu zimejaa skrini.

Verlinda akauma midomo. Alijikaza. Akafungua ukurasa unaofuata haraka, kama mtu anayefunika sufuria inayofurika, na pale, akitabasamu kwa upande mmoja, nywele zimelala kwa jasho, alikuwepo mume wake. Na chini yake: *Ananuka, lakini ni wetu.*

Verlinda Attakai alicheka. Hakucheka kama alivyozoea, kwa puani, kama mtu anayezuia chafya. Alicheka tumbo likimruka, kichwa nyuma, machozi yakimtoka, akajipiga gotini kwa kiganja, akajaribu kusema neno akashindwa. Na Dezba, aliyekuwa juu ya tumbo lile linaloruka, aliuangalia uso wa mama yake kama mtu anayeona nchi mpya, akafungua kinywa kisicho na jino, akacheka.

Kilitoka kama maji yanavyotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Kisha tena. Kisha cha tatu, kirefu.

Jikoni, mikono ya Elouise ikasimama. Leland akavua kofia.

Verlinda alikuwa wa mwisho kuelewa. Alipoelewa, kicheko kilimkatika kama uzi.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Mama, hakucheka. Alikohoa."

"Nimezaa watoto sita," Elouise akasema. "Nakijua kikohozi."

"Ni mbuzi!" Leland akadakia. "Amemcheka Meya! Meya ndiye mwenye karamu! Nitamwambia mwenyewe, jamani, sijui atalipokeaje."

"Meya hana mkono wa kushika chumvi," Elouise akasema. "Nyamaza."

"Basi ni Delray," Verlinda akasema upesi. "Maneno ni yake. Ukurasa ni wake. Si aliandika yeye? Mtoto amecheka maneno ya baba yake."

Elouise alikuja akifuta unga mikononi, akaketi mbele ya binti yake. "Mtoto anajua kusoma?"

Verlinda akaigeuza simu kifudifudi kochini.

"Alikuwa anaangalia simu?"

"Hapana," Verlinda akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa ananiangalia mimi."

Machozi yakaanza, haya sasa si ya kucheka. Dezba aliyafuata kwa macho yalivyokuwa yanateremka. Verlinda akafikiria makopo ya pichi chini ya kitanda, na peremende kwenye unga, na mtoto wake aliyekua, amekaa peke yake mezani ameukunja mkono. Akainua uso. "Delray hajui," akasema. "Atafika, atamchekesha, atacheka. Tutasema ndicho cha kwanza. Nani ataumia?"

"Mdomo wangu kufuli," Leland akasema.

"Kufuli lako halina ufunguo kwa sababu halijawahi kufungwa," mama yake akamwambia. Kisha akamgeukia Verlinda. "Mimi sisemi uongo. Ila mpaka sasa sijaulizwa." Akarudi kwenye unga wake.

Delray aliingia jua likiwa limegusa miamba, na begi begani, amekonda, mikono imekuwa migumu kama gome. Alinawa kabla ya kumsalimu mtu yeyote, alinawa hadi kwenye viwiko. Kisha akasimama mbele ya mwanawe, na mara hakujua afanye nini na ile mikono.

Dezba alimtazama, na hakulia. Alimtazama kwa uzito, kama hakimu aliyeletewa kesi. Alinyoosha mkono akampiga kidevuni kofi dogo lenye mate, pale penye zile nywele chache.

"Ananijua," Delray akasema. "Verlinda, ananijua."

"Anakujua," Verlinda akasema.

"Haya. Sogeeni. Nimefanya mazoezi." Akapiga magoti, akakunja ngumi zake mdomoni, akapiga honi ya treni ya mizigo, kwanza ya mbali, kisha ya karibu, huku macho yakizunguka. "Kule kambini niliwafanyia wote. Hakuna aliyecheka, lakini wale ni mafundi wa reli." Akapiga tena. Miguu ya Dezba ikaanza kurusha teke. Pembe za midomo zikacheza. Mashavu yakapanda. Kifua kidogo kikavuta pumzi.

Leland aliangalia dari. Elouise aliangalia mkate ukiungua na hakuugeuza.

Verlinda aliona kicheko kinakuja. Alichohitaji ni kunyamaza tu. Mtoto angecheka, Delray angeruka juu, na jambo lingekuwa limekwisha, zuri, kama alivyolipanga. Lakini alimwona mume wake pale magotini, jasho la safari shingoni, ametoa kila alichokuwa nacho, na yeye, mkewe, anataka kumlipa kwa kitu cha bandia.

"Delray, ngoja," akasema.

Akangoja, ngumi bado mdomoni.

"Ameshacheka."

Ngumi zikashuka taratibu. "Lini?"

"Leo. Mchana."

"Kwa nani?" Alimwangalia Leland.

"Si mimi!" Leland akasema. "Kwa mara ya kwanza maishani, si mimi."

"Kwangu," Verlinda akasema. "Sikukusudia. Nilitaka kiwe chako. Darasa lote lile, kitabu chote kile, ni kwa ajili hiyo. Kisha nimeharibu, nimekichukua mwenyewe."

Delray alikaa sakafuni. Verlinda aliona kwamba kimemuuma, kwamba njia yote ile kutoka Nebraska alikuwa akipiga honi ya treni kimoyomoyo. Hatimaye akauliza, "Ulimfanyia nini?"

"Nilicheka."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ukacheka kwa sauti?"

"Majirani wamesikia," Elouise akasema.

"Nataka kuona kilichomchekesha mke wangu," Delray akasema.

Verlinda akampa simu. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne aliusogeza karibu. Akafungua wa tano. Akausoma. Kisha akalala chali sakafuni na simu kifuani, akicheka hadi akashika mbavu, na Dezba akaungana naye, tena na tena, kana kwamba sasa mlango ule hauna komeo.

"Nanuka," Delray akasema alipoweza, "lakini ni wenu."

"Atakuwa kama mimi," Verlinda akasema. Ndilo lilikuwa limebaki. "Delray, unanijua nilivyo. Atakuwa bahili."

Delray aliinuka kwa kiwiko, akamtazama, na hakufanya mzaha. "Siku ile nilipogawa glavu," akasema, "nani alinipa nyingine zilizokuwa zimefichwa? Mimi hugawa kilichopo mkononi. Kikiisha, nakuja kwako."

"Bahili au si bahili," Elouise akasema akiuipua mkate ulioungua, "karamu haijiandai yenyewe."

Haikujiandaa. Verlinda aliiandaa, na kuiandaa kulimuuma kama alivyojua kungeuma. Alichagua kondoo mnono, akaugua. Alizitoa peremende kwenye unga, akazipangusa moja moja. Makopo ya pichi aliyavuta kutoka chini ya kitanda, na Delray akasimama mlangoni akishangaa yanavyozidi kuja. "Tunaishi dukani," akasema. "Na mimi miaka yote hii nakula pichi kwa wageni."

"Beba," Verlinda akasema. "Usihesabu."

Watu walikuja na viti vyao, na watoto wao, na njaa zao. Mwalimu Corrine alikuja na miwani yake ya uzi. Kitabu kilikwisha tangulia; Leland alikuwa amekipeleka kwa kila mtu mwenye simu, na kila aliyeshuka kwenye gari alimpa Delray mkono kisha akanusa hewa.

"Niliwaambia mfunge picha na maneno," Mwalimu akasema.

"Ulisema, Mwalimu. Nitarekebisha kesho."

"Usithubutu." Mwalimu akachukua mkate. "Lakini unitumie na kile cha kwanza kilichonyooka. Wa darasa lijalo waone vyote viwili, wajue."

Verlinda alikituma pale pale, simu kwa simu bila mtandao, amesimama juani.

Kisha Elouise akaleta kikapu chenye chumvi ya mawe, na watu wakajipanga kutoka mlangoni hadi kwenye magari. Verlinda aliketi na Dezba mapajani, mtoto amevishwa gauni jipya la mahameli. Elouise alimshika Delray kiwiko akamsukuma mbele. "Wewe umetoka mbali. Tangulia."

Delray akapiga magoti, akakinga kiganja chake kigumu.

Verlinda akatia punje za chumvi katika kiganja cha mtoto, akakishika kwa chini, akakisogeza. Na Dezba, kama watoto wachanga wote wafanyavyo wakiwekewa kitu mkononi, akafumba ngumi.

Watu wakangoja. Ngumi haikufunguka. Ilikaza, vidole vyeupe kwenye viungo.

"Damu ya mama yake hiyo!" Leland akapaza sauti kutoka nyuma, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Verlinda alihisi uso ukiwaka. Aliiangalia ngumi ile ndogo, akaitambua kabisa. Haikuwa mbaya. Ilikuwa imeshika tu, kwa nguvu zake zote, kitu ilichopewa. Akaacha kuivuta. Akainama akapuliza pumzi ya moto juu ya vidole, akapitisha kidole chake nyuma ya mkono ule, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kucha, polepole, tena na tena, jinsi ambavyo yeye mwenyewe angependa kubembelezwa. Kidole kidogo kikalegea. Cha pili kikafuata. Ngumi ikafunguka yote kwa mara moja, na chumvi, iliyokuwa imelowa jasho la mtoto, ikaangukia katika kiganja cha baba yake.

Delray akaitia mdomoni, akafumba macho.

Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu. Verlinda akachota tena kikapuni, akaujaza mkono wa mtoto zaidi ya mara ya kwanza.

"Chukua," akamwambia aliyefuata, kwa niaba yao wote wawili. "Chukua na nyingine."